Deni la diploma: chuo kitaje bei nzima mbele ya kupokea pesa ya aliyekimbia vita

Kila mwaka wa masomo ukikaribia, kuta za Bukavu, Uvira, Goma na Butembo zinajaa matangazo ya vyuo. Yanataja idara zao: maendeleo ya jamii, kazi ya kijamii, saikolojia, masomo ya familia. Mara nyingi kuna picha ya kijana aliyevaa gileti ya shirika la kiutu, kalamu mkononi, hema nyeupe nyuma yake. Chini kuna namba mbili za simu na bei ya minervali ya mwaka wa kwanza.

Vitu viwili havimo kwenye tangazo. Cha kwanza ni bei nzima ya masomo, tangu siku ya kujiandikisha mpaka siku ya kushika diploma mkononi. Cha pili ni habari za waliomaliza mwaka uliopita: wangapi wana kazi, kazi gani, na wanalipwa ngapi.

Havikusahauliwa. Chuo kinajua bei yake yote, maana ndicho kinachoipanga. Kinawajua pia wanafunzi wake wa zamani, maana kila mwaka wanarudi sekretarieti kudai karatasi. Kikinyamaza, kinanyamaza kwa sababu mzazi akijua ukweli wote atafikiri mara mbili, na mzazi anayefikiri mara mbili halipi transhi ya kwanza siku hiyo hiyo. Anayeumizwa na ukimya huo ni mama aliyekimbia, aliyeacha shamba na nyumba nyuma, na ambaye mali iliyobaki mikononi mwake ni uwezo wa mtoto wake kusoma.

Deni lisilo na karatasi

Watu wakisikia maneno "deni la mwanafunzi" wanadhani ni mambo ya Marekani. Hapa Kongo hakuna bodi ya taifa inayokopesha wanafunzi kama ile ya Tanzania iliyoanza kazi mwaka wa 2005, au ile ya Kenya iliyoundwa mwaka wa 1995. Kwa hiyo viongozi wengi, hata wakubwa wa vyuo, wanasema bila aibu kwamba mwanafunzi wa Kongo anamaliza masomo bila deni.

Deni lipo. Limekatwa vipande na kufichwa ndani ya familia. Kipande kimoja kiko kwenye AVEC ya mama, kingine kwenye muso ya parokia, kingine kwenye likelemba ya wanawake wa sokoni. Kuna mbuzi wa shangazi aliyeuzwa "kwa mkopo wa mdomo". Kuna kiwanja cha marehemu baba ambacho hati yake imelala kwa jirani. Na wiki ya mitihani ikifika, jina la mtoto likiwa halimo kwenye orodha ya waliolipa, kuna Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani ambao riba yao inaweza kufika 50 kwa mia kwa mwezi mmoja.

Kwa kuwa anayekopa ni mama, si mwanafunzi, hakuna anayeandika. Serikali haiandiki. Chuo hakiandiki, maana kwake pesa ni pesa, iwe imetoka kwenye mshahara au kwenye rehani. Na mtoto mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu mama hapendi asome na mawazo.

Tofauti na majirani ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kenya, mkopo wa mwanafunzi una riba ya 4 kwa mia kwa mwaka. Tanzania, mwajiriwa aliyekopeshwa anakatwa 15 kwa mia ya mshahara wake wa msingi. Watu wa huko wanalalamika sana juu ya makato hayo, na huenda wana haki. Lakini makato hayo yanafuata mshahara. Mama wa Uvira anatozwa na AVEC yake 5 kwa mia, hata 10, kila mwezi, mtoto awe amepata kazi au hapana.

AVEC yenyewe haina kosa. Riba yake inarudi kwa wanachama siku ya kugawana, na imeokoa familia nyingi kuliko miradi mingi ya wazungu. Ila iliundwa kwa biashara ndogo: unakopa, unanunua ndagala, unauza, unarudisha ndani ya miezi mitatu. Masomo ya familia na jamii hayauzwi ndani ya miezi mitatu. Kuchukua pesa ya ndagala kulipa minervali ni sawa na kupanda mgomba kwa deni la kurudishwa kesho yake.

Hesabu ambayo haifanywi sekretarieti

Chukua mfano wa kubuni, ili mambo yaonekane, kisha kila mzazi aweke bei za chuo cha mtoto wake. Mama amekimbia kutoka Kavumu na watoto watano, amepokelewa kwa dada yake huko Uvira. Anauza ndagala. Binti yake mkubwa ana diploma ya taifa na anataka kusoma mambo ya familia, maana ameona mengi njiani.

Tangazo linasema dola 400 kwa mwaka, na lisansi ni miaka mitatu. Mama anazidisha: dola 1.200. Ni nyingi, lakini akijumlisha ndagala, dada yake na mjomba aliye Lubumbashi, anaona njia. Anakubali.

Mwaka unaanza. Kuna pesa ya kuandikwa kwa mitihani, silabusi ambayo mwalimu anataka inunuliwe kwake, karatasi za maswali: tuseme 90. Usafiri ni dola 15 kwa mwezi, miezi minane: 120. Mwaka mmoja umegeuka 610, miaka mitatu 1.830. Mwaka wa mwisho unaleta staji, kupiga chapa kitabu cha mwisho, kukitetea, na vinywaji vya walimu waliokaa kusikiliza, jambo ambalo halimo kwenye kanuni yoyote lakini ole wake anayefika mikono mitupu. Weka 170. Jumla ni 2.000.

Kati ya 1.200 ya tangazo na 2.000 ya kweli kuna dola 800. Zile 800 ambazo hakuna aliyemwambia mama ndizo zinazokuwa deni. Kila mwaka anapungukiwa karibu 270. Anazichukua AVEC kwa 5 kwa mia kwa mwezi, na kwa miezi kumi riba ni 135. AVEC inapokaribia kugawana akiba, deni lazima lirudi, kwa hiyo anaazima kwingine ili alirudishe. Mwisho wa miaka mitatu, zile 800 zimekuwa 1.200. Kiasi kile kile alichokuwa amekubali kulipa pale mwanzo, sasa anakidaiwa upya.

Binti anamaliza. Akipata kontra ya dola 300 kwa mwezi na kuweka 100 pembeni, baada ya mwaka mmoja na nusu na kidogo familia inapumua. Hiyo ndiyo picha ya tangazo. Lakini akipata kile vijana wengi wanachopewa, yaani nafasi ya kujitolea yenye "motisha" ya dola 60, basi riba ya mwezi mmoja peke yake, 5 kwa mia juu ya 1.200, ni dola 60. Motisha yote inaishia kwenye riba, na dola za msingi hazijaguswa hata moja. Binti anaenda kazini asubuhi, anasikiliza machozi ya wenzake mpaka jioni, na mwezi ukiisha hana hata pesa ya sabuni.

Kontra iliyokuwapo

Haki isemwe: wazazi hawakuwa wajinga. Tangu mwaka wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa wingi Goma na Bukavu na mashirika ya kiutu yakaja nyuma yao, Kivu imekuwa na kazi ambazo mikoa mingine haikuwa nazo. Mtu aliona mtoto wa jirani amemaliza kazi ya kijamii, ameingia kwenye mradi, miaka miwili baadaye amejengea mama yake nyumba ya mabati mapya. Ushahidi ulikuwa mtaani, macho yaliuona. Mzazi aliyekopa mwaka wa 2015 alikuwa na sababu.

Mambo yamegeuka, na yamegeuka haraka. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 M23 iliingia Goma, katikati ya mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Banki zilifunga milango. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilisimama. Kambi kubwa za kuzunguka Goma, ambamo vijana wengi wa saikolojia na kazi ya kijamii walikuwa wakifanya kazi, ziliondolewa watu wake ndani ya siku chache. Na katika wiki hizo hizo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikafuata kufungwa kwa USAID mwezi wa saba. Mwaka wa 2024 Marekani ilikuwa imetoa karibu 70 kwa mia ya pesa za msaada wa kiutu hapa Kongo. Hakuna haja ya kuwa mchumi ili kuelewa yaliyozipata kontra za vijana.

Matangazo ya vyuo yameendelea na picha ile ile ya gileti na hema. Hapo ndipo ukimya unapogeuka kuwa uongo. Kumwambia mama wa mwaka wa 2026 habari ya soko la mwaka wa 2015 ni kumuuzia tiketi ya mashua iliyokwisha kuondoka.

Kuna na jambo la neno "lisansi", ambalo limewachanganya wengi. Zamani mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya graduati, kisha miwili ya lisansi: mitano jumla. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 nchi imeingia kwenye mfumo wa LMD. Sasa lisansi inapatikana kwa miaka mitatu, na miwili inayofuata inaitwa masta. Mfumo wenyewe si mbaya. Lakini baba aliyesoma zamani akisikia "lisansi kwa miaka mitatu" anashukuru Mungu: miaka miwili imepungua! Haikupungua. Mashirika mengi yanapoandika tangazo la kazi bado yanataka mtu wa miaka mitano baada ya diploma ya taifa. Binti anafika na lisansi yake mpya, anaambiwa ni sawa na graduati ya zamani. Kumbe hesabu ya kweli haikuwa ya miaka mitatu. Chuo kilijua. Mzazi amelijua siku mtoto aliporudishwa mlangoni.

Karatasi iliyoshikwa rehani

Kati ya yote yanayofanywa, hakuna linalokosa akili kama hili: chuo kushika karatasi ya pointi au diploma ya mwanafunzi kwa sababu anadaiwa dola 80. Chuo kinataka kulipwa, na njia pekee ya binti kulipa ni kupata kazi, na kazi inaombwa kwa diploma. Kuifungia diploma kabatini ni kumnyang'anya mvuvi nyavu kwa sababu hajaleta samaki.

Kwa aliyekimbia, ni mbaya zaidi. Nyumba imeunguzwa au imevunjwa, mfuko wa karatasi umebaki huko. Bordero za banki zilizoonyesha kwamba alilipa mwaka wa kwanza na wa pili hazipo, na banki yenyewe imefungwa. Anafika sekretarieti, anaambiwa: "Dada, kwetu hapa unaonekana hujalipa." Hana cha kuonyesha. Analipa mara ya pili, au anaacha. Chuo kina daftari zake. Kinaweza kuzifungua na kutafuta. Mara nyingi, kumwambia msichana alete bordero ni rahisi kuliko kufungua daftari.

Wakubwa wa vyuo wana majibu yao, na mengine yana uzito. Wanasema serikali haileti kitu, kwamba walimu wa chuo cha binafsi wanaishi kwa minervali, kwamba hata wao vita vimewafukuzia wanafunzi, kwamba nyumba ya chuo inalipiwa kodi kwa dola. Kweli. Chuo hakikuita vita. Hata katika vyuo vya serikali mambo si marahisi. Wengi wanakumbuka mwezi wa kwanza mwaka wa 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa walipoandamana kupinga kupandishwa kwa ada, masomo yakasimamishwa. Elimu ya bure iliyoanza mwaka wa 2019 ni ya shule za msingi za serikali peke yake, kama ibara ya 43 ya Katiba inavyosema. Na wazee wanaosimulia bursi walizopewa na serikali enzi za Zaire, wanasimulia nchi nyingine.

Lakini hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayozuia chuo kuandika bei nzima kwenye ukurasa mmoja. Umaskini wa chuo unaeleza kwa nini bei ni kubwa. Hauelezi kwa nini imefichwa. Mama muuza ndagala naye ni maskini, na bado mteja akiuliza bei ya kombe anatajiwa bei ya kombe, haambiwi nusu sasa na nusu akifika nyumbani.

Wanaosema masomo haya ni ya bure

Kuna kundi la pili la kujibiwa, na wengi wao ni wazee wenye heshima. Wanasikia habari za deni na wanasema: "Tuliwaambia. Masomo ya familia ni masomo gani? Familia inafundishwa na shangazi. Msichana anunuliwe mashine ya kushona." Wanaongeza kwamba dola 2.000 zingefungua duka.

Zingefungua duka, ndiyo. Duka lingeporwa pia, kama mengine mengi yalivyoporwa mwezi wa pili mwaka wa 2025. Diploma haiporwi kwa urahisi namna hiyo. Lakini si hilo la maana.

La maana ni kwamba kazi ya familia ipo, tena ni nyingi kupita mikono iliyopo. Nchi ina watu milioni kadhaa waliotawanywa na vita. Kabla ya Goma kuanguka, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakihesabu zaidi ya milioni saba. Chini ya kila hema kuna mume aliyepoteza kazi na mke anayepigwa kwa sababu hiyo, mtoto aliyetengana na wazazi njiani, msichana wa miaka 15 ambaye baba anataka kumtoa kwa mahari ili wengine wale. Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka wa 2016, na ndani yake mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye kazi au asimame mahakamani. Wangapi vijijini wanalijua hilo? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka wa 2009 iliunda mahakama za watoto, na hakimu wa mtoto anahitaji mtu aliyesomea kazi ya kijamii ili amweleze hali ya nyumbani kwao. Hospitali ya Panzi, inayojulikana duniani kwa ajili ya Daktari Mukwege, haiponyi wanawake kwa upasuaji peke yake. Wako wale wanaoitwa Maman Chéries, wanaokaa na mgonjwa, wanaomsikiliza, wanaomsindikiza. Shangazi mwenye busara ni wa thamani. Shangazi mwenyewe akibakwa, nani atamsikiliza?

Kwa hiyo binti hakukosea kuchagua. Masomo yake yana kazi, lakini kazi hiyo haina mshahara. Hapo lawama inatoka kwa chuo na kuingia kwenye mashirika, makubwa kwa madogo, yaliyozoea kumwita mtu mwenye diploma "mjitoleaji" ili wasimwite mfanyakazi. Anafika saa moja na nusu asubuhi, ana ripoti za kuandika, ana mkubwa wa kumwomba ruhusa, anakatwa motisha akikosa siku. Huyo ni mfanyakazi. Mwaka wa 2018 serikali ya Kongo iliweka mshahara wa chini kabisa kwa siku kuwa franga 7.075, na hata huo watu waliusema ni mdogo. Kuna vijana wenye diploma ambao kwa motisha yao, wakigawanya kwa siku walizofanya kazi, hawaupiti mbali. Shirika linalotetea haki za wanawake kambini lianze na haki ya yule anayebeba daftari lake.

Na serikali? Ina ofisi za mambo ya kijamii karibu kila eneo, na ndani yake kuna watu wanaofanya kazi miaka na miaka bila mshahara, wakingoja matrikule. Serikali ikiwalipa wachache tu katika kila eneo la Kivu ya Kusini na Kaskazini, diploma ya kazi ya kijamii ingepata bei yake bila tangazo lolote.

Wale walio upande huu wa mpaka

Jambo moja linauma na halisemwi vya kutosha. Kijana wa Bukavu aliyevuka Ruzizi mwezi wa pili mwaka wa 2025 akaandikishwa mkimbizi nchini Burundi, ana mlango mmoja wa kubisha: bursi ya DAFI, ambayo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi linaitoa tangu mwaka wa 1992, hasa kwa pesa za Ujerumani. Nafasi ni chache mno na wanaoziomba ni wengi, lakini mlango upo. Mwenzake aliyekimbia vita vile vile, siku ile ile, akabaki ndani ya Kongo, mlango huo si wake, kwa sababu bursi ni ya waliovuka mpaka. Kumi kwa sheria, sifuri kwa aliyekaa nchini mwake. Bursi za ndani zinazojulikana, kama Excellentia, zinatafuta waliopata alama za juu kabisa kwenye mtihani wa taifa. Mtoto aliyefanya mtihani huo akiwa amelala darasani na familia tatu nyingine, mara ngapi atapata alama za juu kabisa?

Kwa hiyo aliyetawanywa ndani ya nchi yake anabaki na AVEC na Banque Lambert. Wafadhili wanaopenda kusema juu ya "elimu katika dharura" wangeweza kuweka mfuko mdogo wa mkopo wa masomo kwa vijana hawa, riba ndogo, kulipa kuanze siku mshahara unapoanza. Pesa hiyo isingezidi gharama ya semina chache za hotelini.

Hilo likingojewa, wizara ya elimu ya juu inaweza kufanya moja leo bila kutumia hata franga. Kila mwaka inatuma maagizo yake kwa vyuo. Iongeze mistari michache: kila chuo, cha serikali na cha binafsi, kibandike mlangoni na kumpa kila anayejiandikisha karatasi yenye muhuri, ikionyesha minervali na kila pesa nyingine mpaka diploma, miaka yote, bei isibadilike kwa mwanafunzi aliyekwisha kuanza, iseme chuo kina ruhusa gani na diploma zake zinathibitishwa vipi, na iseme, idara kwa idara, wangapi walimaliza mwaka uliopita na wangapi wana kazi ya mshahara. Chuo kisichojua wanafunzi wake wako wapi kipewe miezi sita ya kuwapigia simu. Namba zao kinazo.

Mpaka maagizo hayo yatoke, mama aliyekimbia Kavumu atafika sekretarieti peke yake. Aende na mtu anayejua kuandika. Aulize: kitabu cha mwisho kinagharimu ngapi, staji ngapi, mitihani ngapi, diploma yenyewe ngapi? Kwa franga au kwa dola, na kwa kiwango gani? Lisansi hii ikimalizika, masta iko hapa au Kinshasa? Wawili waliomaliza mwaka jana katika idara hii wanaitwa nani, na namba zao za simu ni zipi? Majibu yaandikwe, yatiwe muhuri, nakala moja ibaki kwa dada yake, si kwenye mfuko ule ule wa karatasi nyingine. Sekretari akisema mambo hayo yatajulikana baada ya transhi ya kwanza, mama afunge kitambaa chake chenye pesa, ashukuru, na apande moto mpaka chuo cha pili.